Kumtibu Kijana Pamoja na Mwenzi Wake: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya wa Nairobi

Msichana wa miaka 17 mwenye ugonjwa wa zinaa anapewa vidonge vya doksisaiklini, antibiotiki ya siku saba, katika kituo cha afya. Akifika nyumbani anazigawa mara mbili, nusu zake na nusu za mpenzi wake. Hakuna aliyemshauri afanye hivyo, lakini pia hakuna aliyemwambia mpenzi atatibiwa wapi. Wote wawili wanameza dozi pungufu, maumivu yanatulia kidogo, na kabla ya mwezi kwisha yuko tena kwenye benchi la kituo akilalamika kwamba dawa za serikali hazifanyi kazi. Ukihudumu Kayole, Kibra au Githurai umeshakutana naye. Ukihudumu Kilimani, kwa wenye uwezo, umekutana naye pia, ila huyo huenda alianzia kwenye kemisti.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, maafisa wa kliniki, wenye kemisti na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaoshughulika na vijana wenye kisonono, klamidia, trikomonasi au kaswende. Msimamo wangu ni kwamba mazungumzo kuhusu mwenzi ni sehemu ya tiba yenyewe. Yasiachwe yawe nasaha za mlangoni mgonjwa akiwa tayari ameshika begi lake. Na kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 18, kabla ya kuuliza mwenzi ni nani, uliza kama mgonjwa wako yuko salama.

Andaa chumba na droo kwanza

Kijana hatakutajia mtu yeyote huku karani akiingia na kutoka, au akijua jirani yao ameketi nje ya pazia akisikia. Tafuta chumba chenye mlango. Kama hakuna, tumia saa ambayo foleni imepungua. Mzazi aliyemleta mwombe asubiri nje kwa dakika chache, na mwambie ni utaratibu wa kituo kwa vijana wote, asije akadhani kuna jambo limegunduliwa.

Kwenye droo weka karatasi za kumwalika mwenzi, dawa za dozi kamili (si vipande vya pakiti), kipimo cha mimba, vipimo vya VVU na kaswende, na namba mbili zilizoandikwa kwa herufi kubwa: 116, ambayo ni simu ya kusaidia watoto, na 1195, ya ukatili wa kijinsia. Zote mbili hupigwa bila malipo. Jua pia jina na simu ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Ukianza kuitafuta namba yake siku unayoihitaji, umechelewa.

Tamka mipaka ya siri kabla ya swali lolote

Wengi hukosea mpangilio hapa. Wanaahidi, "Hii itabaki kati yetu," kijana anafunguka, kisha wanalazimika kuivunja ahadi. Afadhali useme mapema na kwa lugha nyepesi:

"Dada, tunayoongea hapa sitayapeleka kwa mama yako wala kwa mwalimu. Ila nikisikia kuna mtu anakuumiza au anakulazimisha, au ni mtu mzima anakutumia, hapo sitanyamaza. Nitakuambia wewe kwanza, halafu tutatafuta msaada pamoja. Sawa?"

Mpe nafasi ya kujibu. Wapo watakaoamua kutosema zaidi siku hiyo, na ni haki yao. Mtibu huyo huyo siku hiyo hiyo, kisha umpe tarehe ya kurudi. Asinyimwe dawa kwa sababu ya kukataa kutaja jina.

Kuhusu idhini, elewa mahali uliposimama. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2006 inamruhusu mtoto mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi, au anayejihusisha na mwenendo unaomweka katika hatari ya kuambukizwa, akubali mwenyewe kwa maandishi kupimwa VVU. Kwa huduma nyingine za afya ya uzazi, Sheria ya Watoto ya 2022 imetanguliza idhini ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo zungumza na kijana kuhusu mtu mzima anayemwamini. Mara nyingi yupo: shangazi, dada mkubwa, nyanya. Na kituo kiwe na utaratibu wake ulioandikwa, ili kila muuguzi wa zamu asiamue kivyake.

Swali la usalama

Anza na umri wa mwenzi. Usiulize "mpenzi wako ni nani?" kwa sababu swali hilo hufunga mdomo. Uliza, "Mnalingana? Bado anasoma, ama anafanya kazi?" Kisha: "Mlikubaliana wote wawili, ama kuna wakati hukutaka?" Kisha hili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: "Ukimwambia kwamba ana ugonjwa, atafanya nini?"

Sikiliza kimya chake kabla ya kusikiliza maneno. Msichana akijibu, "Atakasirika kidogo lakini atakuja," hiyo ni njia moja. Akijibu, "Ataniua," usichukulie kama usemi wa mtaani. Muulize kama ameshawahi kumpiga, kama ndiye anayelipa karo au kodi ya nyumba, kama anaishi naye. Wavulana waulize maswali yale yale. Mvulana wa miaka 15 anayetumiwa na mtu mzima, mwanamume au mwanamke, ni vigumu kwake kusema bila kuulizwa, na wengi wetu hatumuulizi.

Majibu yatakupeleka kwenye moja ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya rika moja, wamekubaliana, hakuna vitisho. Huyu ndiye kijana ambaye sehemu kubwa ya mwongozo huu inamhusu. Lakini ujue kwamba Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto asiyeweza kuridhia ngono, na haina kipengele kinachowaachilia vijana wa rika moja. Si kazi ya muuguzi kuamua kesi. Watoto wawili wa miaka 16 wanaohitaji dawa wapatiwe dawa, na suala la ulinzi wao ulijadili na msimamizi wa kituo pamoja na afisa wa watoto, bila kukimbilia pingu wala kulificha.

Njia ya pili ni pale mwenzi anapokuwa mtu mzima: sponsa, mwenye duka, mwendesha boda, mwalimu, jamaa wa nyumbani. Hapa sheria iko wazi na adhabu zake ni nzito. Mtoto akiwa na miaka 11 au chini yake, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa kati ya 12 na 15, ni miaka isiyopungua 20. Kati ya 16 na 18, isiyopungua 15. Msichana huyu usimpe karatasi ya kumpelekea mtu huyo, wala usimpe dawa za kumbebea. Utakuwa umemrudisha kwake na kumwonyesha kwamba ameongea. Mweleze hatua unayochukua, mpigie afisa wa watoto au 116, na ukihitaji polisi tumia dawati la jinsia. Mwanamume huyo bado anahitaji matibabu, maana huenda ana wasichana wengine, lakini atafikiwa na watu wazima, kamwe si kupitia mtoto.

Njia ya tatu ni ya kulazimishwa, awe mwenzi wa rika au mtu asiyejulikana. Kama tukio lina chini ya saa 72, dawa za kuzuia VVU haziwezi kungoja kesho. Tembe za dharura za kuzuia mimba, zile ambazo mtaani huitwa P2, zinafaa hadi saa 120, ingawa mapema ni bora. Jaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, hifadhi nguo bila kuzifua, kisha umpeleke, yaani umsindikize au umkabidhi kwa simu kwa mtu mwenye jina, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mama Lucy Kibaki, au kituo cha wahanga wa ukatili cha Nairobi Women's. Kumpa tu barua na nauli ya matatu ni kumpoteza. Na mtoto ambaye hajabalehe akipatikana na kisonono, lichukulie kuwa suala la kudhulumiwa kingono mpaka ithibitike vinginevyo.

Hesabu ya siku: nani atafutwe

Kwa kisonono na klamidia, kigezo kinachotumika sana ni kila aliyekutana naye kimwili katika siku 60 kabla ya dalili kuanza au kabla ya kupimwa. Kama hakukutana na yeyote katika muda huo, tafuta yule wa mwisho. Kaswende inarudi nyuma zaidi: kidonda cha kwanza, miezi mitatu pamoja na muda ambao dalili zimekuwepo, vipele vya hatua ya pili, miezi sita pamoja na muda wa dalili, kaswende ya karibuni iliyojificha bila dalili, mwaka mmoja. Trikomonasi, mtibu mwenzi wa sasa. Malengelenge ya sehemu za siri (herpisi), mwenzi ashauriwe na kuchunguzwa, lakini hakuna dawa ya kumaliza virusi hivyo.

Fangasi za ukeni haziingii kwenye orodha hii. Kuna mabinti wameachwa, wakaitwa malaya, kwa sababu mhudumu aliandika "ugonjwa wa zinaa" kumbe ni fangasi zilizochochewa na antibiotiki walizomeza wiki iliyotangulia. Vituo vyetu vingi hutibu kwa dalili bila maabara, na uchafu ukeni kwa msichana mara nyingi hautokani na ngono kabisa. Usaha kwenye uume ni ushahidi mzito. Uchafu ukeni peke yake ni dhaifu. Kwa hiyo kabla ya kumwita mwenzi wa msichana kwa ajili ya uchafu pekee, pima unachoweza kupima, angalia mlango wa kizazi, na uulize kama mwenzi naye ana dalili.

Vijana hawakumbuki tarehe. Wanakumbuka matukio: kabla ya shule kufunga, wikendi ya mechi, wakati wa Krismasi, siku stima ilipopotea mtaa mzima. Tumia hayo. Na usiulize "wangapi?" kana kwamba unahesabu dhambi. Sema, "Wengine huwa na mmoja, wengine zaidi. Kwako tukumbuke nani na nani?"

Namna ya kumfikia mwenzi

Inayotumika zaidi ni mgonjwa kumwambia mwenzi mwenyewe na kumpa karatasi ya mwaliko. Ni rahisi na inaheshimu uamuzi wake, ila huishia mfukoni kijana akikosa maneno. Basi mfundishe maneno. Fanyeni mazoezi pale pale, wewe uwe mpenzi, yeye aseme. Maneno yanayofaa kwa vijana ni yasiyo na lawama: "Nilienda kliniki wakanipata na infeksheni. Wameniambia mara nyingi haina dalili, so hata wewe uangaliwe. Ukienda na hii karatasi hawakuulizi maswali mengi." Sentensi ya kwamba mara nyingi haina dalili ni ya kweli, maana klamidia hasa hukaa kimya kwa wasichana wengi na wavulana wengi, na ndiyo inayozima ugomvi wa nani alimletea nani.

Akisita, wekeaneni muda. "Jaribu hadi Ijumaa. Ikishindikana, utaniruhusu nimpigie mimi?" Akikubali, Ijumaa ikifika bila mwenzi kuonekana, wewe unapiga bila kumtaja. Kwa VVU, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 2016 kwamba wahudumu wasaidie kuwafikia wenzi kwa ridhaa ya mgonjwa, na Kenya ni miongoni mwa nchi ambako njia hiyo ilifanyiwa majaribio. Neno la kushika ni ridhaa. Machi 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitangua kifungu cha 24 cha sheria ya VVU kilichowalazimisha watu kuwafichulia wenzi wao, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba hakikufafanua mwenzi ni nani. Kijana hashurutishwi kutaja.

Ukipiga simu, kumbuka simu za Nairobi. Ya kijana huenda iko mkononi mwa mama yake, na namba ya kituo ikitokea kwenye Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga, na jina la kliniki ya magonjwa ya zinaa, umeshatangaza. Piga kwa namba isiyojieleza, thibitisha unayeongea naye, uliza kama yuko mahali pa faragha, kisha sema tu kwamba kuna jambo la afya linalohitaji aje, bila kutaja ugonjwa. Usitume ujumbe wa maandishi wenye jina la ugonjwa, hata kwa WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na mtaa hauhitaji sheria ili ufanye madhara.

Karatasi ya mwaliko iwe fupi: namba ya siri ya mgonjwa badala ya jina, msimbo wa dalili badala ya ugonjwa, tarehe, saa za kufunguliwa, na maneno kwamba inapokelewa katika kituo chochote cha umma. Hilo la mwisho lina sababu. Mwenzi anaweza kuwa shule ya bweni Machakos, na kama wiki ijayo ni kufungua shule, karatasi isiyotumika leo haitatumika tena mpaka likizo. Fahamu pia kwamba mtu wa boda au wa mjengo hawezi kuja saa tano asubuhi. Kituo kinachofungua Jumamosi, au kinachomruhusu mwenye karatasi apite bila foleni, kitawaona wanaume wengi kuliko kile chenye mabango mazuri. Kwa walio mjini kati, kliniki ya Casino, River Road, ni ya siku nyingi kwa kazi hii na mwanamume akionekana huko hashangazi mtu.

Mwenzi akifika

Mshukuru kwa kuja, kisha mtibu siku hiyo hiyo kwa ugonjwa wa aliyemleta, hata kama hana dalili na hata kama majibu ya maabara hayajatoka. Mpime, ndiyo, pamoja na VVU na kaswende, lakini dawa isisubiri karatasi. Atakuuliza ni nani aliyemtaja. Jibu ni moja kwa wote: "Siwezi kukuambia, kama ambavyo sitamwambia mtu kuhusu wewe." Hata akilitaja jina sahihi, usitikise kichwa.

Klamidia: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku saba, au azithromaisini gramu moja mara moja. Mjamzito asipewe doksisaiklini. Azithromaisini ndiyo yake. Kaswende ya mapema: sindano ya benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, msuli wa tako. Kisonono: seftriaksoni ya sindano, kwa kipimo cha mwongozo wa Wizara ya Afya unaotumika sasa kituoni. Siprofloksasini, ambayo bado inauzwa kwenye kemisti kama "dawa ya usaha", iache, kisonono kimeizoea. Uliza mzio wa penisilini na wa jamii ya seftriaksoni kabla ya sindano, kila mara, hata ukiwa na haraka.

Kisha rudia kazi yote kwake: umri, usalama, siku 60, wenzi wengine. Naye anaweza kuwa mtoto. Mvulana wa miaka 16 aliyeitwa kwa karatasi ana haki zile zile za faragha alizokuwa nazo msichana. Wape wote mazungumzo kuhusu dawa za kukinga VVU na kuhusu kondomu, na msichana muulize kama alipata chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10.

Kumpa mgonjwa dawa za kumpelekea mwenzi

Marekani njia hii imependekezwa na CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, tangu 2006 kwa klamidia na kisonono, baada ya majaribio ya Seattle yaliyochapishwa 2005 kuonyesha kwamba waliopelekewa dawa wenzi wao waliugua tena kwa uchache kuliko waliopewa maelezo matupu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa kisonono. Hapa kwetu tayari inafanyika kimyakimya, kwa ile namna mbaya ya kugawana vidonge. Kama msimamizi wa kituo ameiidhinisha, ifanye vizuri. Ninaiona kama njia ya akiba, kwa mwenzi wa rika ambaye hakika hatakuja.

Iwe pakiti kamili ya pili, yenye maelezo kwa Kiswahili: jinsi ya kumeza, asimeze nani (mwenye mzio, mjamzito), na dalili za kumfanya aje mara moja, kama homa, maumivu ya korodani au ya tumbo la chini. Karatasi ya mwaliko iingie ndani ya pakiti, kwa sababu dawa hizi hazimpimi VVU wala kaswende. Usitumie njia hii kwa kaswende, inayotaka sindano. Kwa kijana wa kiume anayefanya ngono na wanaume isiwe chaguo la kwanza, maana yeye na mwenzi wanahitaji vipimo zaidi kuliko vidonge. Na palipo na hofu, au mtu mzima, isitumike kabisa.

Siku saba, miezi mitatu

Wote wawili wajizuie kufanya ngono kwa siku saba baada ya dozi ya mara moja, au mpaka wamalize ya siku saba, na mpaka mwenzi naye awe ametibiwa. Vijana huhesabu siku saba tangu dalili zilipoisha au tangu mmoja wao alipoanza dawa. Waandikie tarehe kwenye kipande cha karatasi: "Si kabla ya Jumanne tarehe fulani." Waulize pia watafanya nini wakikutana kabla ya hapo, na uwape kondomu bila hotuba.

Kwenye rejista ongeza safu moja tu: mwenzi ametibiwa, hajatibiwa, au hafikiki. Usiandike jina lake kwenye kurasa ambazo wanafunzi wa mafunzo wanazifungua. Mgonjwa arudi baada ya miezi mitatu apimwe tena, hata kama hana dalili, kwa sababu vijana huambukizwa upya mara nyingi katika kipindi hicho.

Akirudi mapema, na usaha au maumivu yale yale, usimbadilishie dawa kabla ya maswali matatu: alimeza zote mwenyewe? Mwenzi alitibiwa? Walikutana kabla ya tarehe mliyoandika? Jibu likionyesha kwamba dozi iligawanywa au mwenzi hakutibiwa, rudia dawa ile ile, safari hii kwa wote wawili. Lakini kama walimeza vizuri na hawajakutana, chukua sampuli ya kuotesha vijidudu kabla ya kumpa kingine chochote, na umpeleke penye maabara inayoweza kupima usugu wa kisonono.